Kikokotoo Chetu cha Kwanza



Sisi tunaoshika vitabu tumeombwa tuseme neno kuhusu hesabu za kikundi. Tutasema habari za kikokotoo.

Tulipoanza mwaka 2015 kilikuja ndani ya sanduku, pamoja na kufuli tatu, muhuri na vitabu vya hisa. Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa akina mama waliosaidiwa na shirika la CARE. Funguo tatu kwa watu watatu, hilo kila mmoja alilielewa. Lakini kile kimashine, jamani! Mama mmoja alikataa kukigusa, akasema asije akafuta fedha za watu.

Tulijua vikundi vilivyovunjika kwa sababu jumla ilisomwa na mtu mmoja tu. Basi siku ya mgao wa kwanza tukakubaliana kikokotoo kizunguke. Tulikuwa 28. Sandukuni mlikuwa na sh. 4,312,000, hisa zote 1,960. Gawanya: 2,200. Hisa tuliinunua sh. 2,000, kwa hiyo kila moja ilizaa sh. 200, riba ya mikopo yetu wenyewe. (Casio Mini ya Wajapani, ya mwaka 1972, kioo chake kilionyesha tarakimu sita kwa mara moja. Jumla yetu isingeenea!) Kila mmoja akabonyeza kwa kidole chake, asiyejua kusoma akaelekezwa na jirani. Ilichukua saa nzima juani, hakuna aliyeondoka. Yule mama aliyekataa alikuwa na hisa 85. Akapiga, ikatoka 187,000. Akafuta, akapiga tena, mara tatu.

Msimu uliofuata akakiazima kwenda nacho kwenye mizani ya alizeti. Mnunuzi akataja jumla ya kichwani. Mama akabonyeza kilo mara bei, akamwonyesha kioo, akaongezwa sh. 6,400 bila maneno. Tangu hapo ikawa foleni ya kukiazima, mpaka tukafungua daftari lake.

Siku hizi simu zina kikokotoo na mabinti zetu wanatucheka. Sawa, lakini simu ni ya mtu. Nani atakubali izunguke mikononi mwa watu 28 na meseji zake ndani? Kile cha kwanza kipo pale mezani. Namba 7 imefutika, kazi kinafanya.

Mgao wa mwaka huu ni Jumamosi ijayo. Wanachama wapya wanne ndio watakaoanza kubonyeza. Njooni na vitabu vyenu.