Nani Anaruhusiwa Kufuta? Kupanga Ndoo na Objekti kwa Kumbukumbu za Jamii na Koperative za Lualaba



Nimeombwa kueleza jinsi ya kusimamia nyaraka katika hifadhi ya mtandaoni. Mafunzo ya namna hii kwa kawaida huanzia kwenye kioo cha kompyuta: bonyeza hapa, chagua pale. Mimi nitaanzia kwenye swali ambalo kila kamati iliyomo humu inapaswa kulijibu kabla ya kufungua akaunti: kati yetu, ni nani mwenye uwezo wa kufuta? Mipangilio mingi nitakayoitaja leo ni njia ya kulijibu swali hilo.

Sababu iko hapa hapa Kolwezi. Tangu Sheria ya Madini irekebishwe kwa sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, karatasi za wananchi zimepata uzito ambao hazikuwa nao zamani. Asilimia 15 ya mrabaha wa madini inapaswa kwenda kwa serikali ya mtaa au sekta yanamochimbwa madini hayo. Kampuni inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na juu ya hapo kusaini cahier des charges, yaani hati ya ahadi za maendeleo, na jamii inayoizunguka. Kanuni za madini za Juni 2018 zina kiambatisho cha XVIII kinachohusu kuhamisha watu, kuwafidia na kuwapa makazi mapya. Haki zote hizo hudaiwa kwa hati: PV (kumbukumbu rasmi) ya mkutano, orodha ya kaya, picha ya nyumba kabla haijabomolewa, risiti, barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Sasa hati hizo ziko wapi? Kwa sehemu kubwa ziko ndani ya simu ya mtu mmoja, na katika kundi la WhatsApp. Kundi hilo lina dosari ambayo wengi hawaijui: picha inayotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kuvuliwa taarifa zake za ndani, yaani saa ilipopigwa na mahali ilipopigiwa. Mtu wa mtaa wa Kasulo aliyepiga picha ya uzio wake kabla ya kaya kuhamishwa mwaka 2017, akaituma kwenye kundi, kisha simu ikapotea, amebaki na picha isiyoweza kusema yenyewe ilipigwa lini. Tukituma kama hati badala ya picha, taarifa hizo hubaki. Hilo tu, mkilianza leo jioni, litaokoa mengi.

Mnaikumbuka ripoti ya Amnesty International na shirika la hapa kwetu la IBGDH, iliyotolewa Septemba 2023, kuhusu watu walioondolewa kwa nguvu Kolwezi na pembeni yake, ikiwemo Cité Gécamines. Ilijengwa juu ya maneno ya wakazi, nyaraka na picha za satelaiti. Picha za satelaiti zina watunzaji wake wakubwa nje ya nchi. Nyaraka za wakazi hazina mtunzaji mwingine isipokuwa wakazi wenyewe.

Basi tuingie ndani ya chombo chenyewe. Huduma ya aina hii iliyofungua njia ni S3 ya Amazon, iliyoanza Machi 2006. Google na Microsoft wana zao, na kampuni nyingi ndogo zimefuata mtindo wa S3. Ndoo ni chombo kikuu kinachoshika kila kitu. Objekti ni faili lolote lililomo ndani yake, pamoja na jina lake na maelezo mafupi yanayoandamana nalo. Ndani ya ndoo hakuna mafolda. Alama ya mkwaju tunayoiona katika jina kama fungurume/2024/pv.pdf ni sehemu ya jina tu, na programu ndiyo inayotuchorea folda ili macho yetu yapumzike.

Jambo hilo lina matokeo mazito. Kwenye kompyuta, kubadilisha jina la folda ni kazi ya sekunde moja. Katika hifadhi hii ya kawaida, kubadilisha jina la "folda" yenye objekti 8,000 ni kunakili objekti 8,000 kwa majina mapya, kisha kufuta 8,000 za zamani, na kila nakala inahesabiwa katika bili. Kwa hiyo majina yaamuliwe mwanzoni, yaandikwe kwenye karatasi moja, na yasainiwe na kamati kama uamuzi mwingine wowote.

Nakaa kidogo kwenye majina kwa sababu eneo letu lina mitego yake. Mgodi ule ule huandikwa Tilwizembe na Tilwezembe. Musonoi, Musonoie. Kwa mashine hayo ni majina mawili yasiyojuana, na hata Kasulo yenye herufi kubwa na kasulo yenye herufi ndogo ni mahali pawili. Kisha kuna alama za Kifaransa. Herufi é inaweza kuandikwa na kompyuta kwa namna mbili zinazofanana kabisa machoni. Katibu mmoja akipakia réunion kutoka kompyuta ya Mac na mwingine kutoka simu, mnaweza kupata majina mawili tofauti, na atakayetafuta moja hatalipata la pili. Ushauri wangu ni huu: herufi ndogo tupu, bila alama juu ya herufi, bila nafasi, kistari kati ya maneno, na tarehe ianze na mwaka: 2024-03-15. Orodha hupangwa kwa kufuata herufi na tarakimu, kwa hiyo tarehe iliyoandikwa hivyo hujipanga yenyewe tangu ya zamani hadi mpya. Chagueni tahajia moja kwa kila mgodi na kila mtaa, mshikamane nayo hata kama kibao cha barabarani kinasema vingine.

Jina la ndoo yenyewe ni habari nyingine. Kwa kawaida katika S3 haliwezi kurudiwa na mteja mwingine hata kama yuko nchi nyingine, lina herufi 3 hadi 63, na linaweza kuonekana kwenye anwani ya kiungo. Msiweke ndani yake jina la mtu wala neno kama "malalamiko".

Ndoo ngapi, basi? Wengi hufungua ndoo moja kwa kila mradi wa mfadhili. Mradi ukiisha, hakuna anayejua ndoo ile ni ya nani. Naona ni bora kuzigawa kwa siri iliyomo, maana ulinzi mwingi huwekwa kwenye ngazi ya ndoo nzima. Ya kwanza ni ya mambo ya wazi: sheria, cahier des charges iliyosainiwa, ripoti zilizokwisha kutolewa. Ya pili ni ya ndani: PV, barua, hesabu, na kwa koperative, tiketi za mizani na vipimo vya kiwango cha madini. Wachimbaji mliopo mnajua ugomvi unaozuka kwenye soko la madini la Musompo pale mnunuzi anapoelekeza Metorex, kile kifaa cha kupimia kiwango, kwenye gunia na kutamka namba. Koperative inayohifadhi namba hizo kwa tarehe na kwa mnunuzi, mwezi baada ya mwezi, itaweza kuonyesha kama depo fulani hupima chini kila mara. Ya tatu ni ya siri: majina ya wachimbaji, nakala za kadi zao, ushuhuda wa waliopigwa au kufukuzwa.

Ndoo hiyo ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Duniani kote, siri nyingi zilizovuja kutoka kwenye hifadhi hizi hazikuibwa na mwizi hodari. Mwenye ndoo aliiacha wazi kwa umma. Amazon waliongeza mwaka 2018 mpangilio wa kuzuia uwazi wote, na tangu Aprili 2023 ndoo mpya hufungwa hivyo zenyewe. Ndoo zilizofunguliwa kabla ya hapo zimekaguliwa na nani? Nendeni mkazikague. Mtu wa nje akihitaji hati moja, wakili au mwandishi wa habari, mpeni kiungo cha muda kinachokufa chenyewe baada ya saa au siku mlizoweka. Katika S3 kiungo hicho hakiwezi kuishi zaidi ya siku 7. Na hapa nchini kuna Sheria ya Kidijitali, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, yenye masharti juu ya data binafsi. Anayekusanya majina ya watu katika orodha ya kuhamishwa amebeba wajibu, hata kama ni mtu wa kujitolea.

Sasa turudi kwenye kufuta. Ndoo ya kawaida ya S3 haina pipa la taka: objekti ikifutwa, imekwenda, na faili jipya lenye jina lile lile hulifunika la zamani bila kuuliza. Dawa yake ni kuwasha matoleo. Yakiwashwa, anayefuta bila kutaja toleo huacha alama ya kufutwa tu, na nakala iko chini yake inasubiri kurudishwa. Anayefunika anaongeza toleo jipya juu ya lile la zamani. Matoleo yanapaswa kuwashwa kabla ya hati ya kwanza kuingia, kwani hayawezi kufufua kilichopotea jana. Yanakula nafasi, hivyo wekeni kanuni ya umri inayoondoa matoleo ya zamani baada ya muda mtakaoukubali. Mimi nisingekubali chini ya mwaka.

Juu ya matoleo kuna kufuli la objekti. Lina hali mbili. Katika ya kwanza, mwenye ruhusa maalumu bado anaweza kulifungua. Katika ya pili, muda uliowekwa haufupishwi na mtu yeyote, hata mwenye akaunti. Kwa cahier des charges, ambayo hupangwa kwa kipindi cha miaka 5, nashauri kufuli la pili kwa kipindi chote na ziada ya miaka michache, maana shinikizo la "futa ile hati" humwangukia katibu, na katibu atakuwa na jibu la kweli: haiwezekani. Lakini msiweke kufuli hilo kwenye ndoo ya siri. Mama aliyetoa ushuhuda ana haki ya kusema anautaka uondolewe, na mkiwa mmeufunga kwa miaka 10, mmemnyang'anya haki hiyo kwa mikono yenu.

Ruhusa zigawanywe vivyo hivyo. Wanaopakia kutoka vijijini wanahitaji kupakia tu. Wanaosoma, wasome. Kufuta toleo kabisa kubaki kwa watu wawili wanaojulikana na mkutano. Barua pepe ya akaunti kuu iwe ya chama, isiwe ya kijana aliyeifungua, kwa sababu kijana huyo siku moja atapata kazi kwenye kampuni na kuhamia Likasi au Lubumbashi.

Kuhusu mtandao na umeme nitasema kwa ufupi, maana mnaishi nao. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani yetu, na bado taa huzimika katikati ya kupakia video. Faili kubwa lipakiwe kwa vipande, ili mtandao ukiyumba kirudiwe kipande kilichoshindwa tu. Programu huria kama rclone hufanya hivyo na kulinganisha kilichofika na kilichotoka. Vipande vya upakiaji ulioachwa njiani havionekani katika orodha ya kawaida lakini hulipiwa. Wekeni kanuni ya kuvifuta baada ya siku 7.

Gharama ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, isipokuwa mahali pamoja. Kwa bei ya S3 ya kituo cha Virginia, takriban senti 2.3 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi, gigabaiti 200 ni chini ya dola 5. Kutoa ndiko kunakouma: senti 9 kwa kila gigabaiti, baada ya 100 za kwanza za mwezi ambazo hazilipiwi. Vituo vya karibu zaidi vya kampuni hizo kubwa viko Afrika Kusini, Cape Town na Johannesburg, na bei ya Cape Town iko juu zaidi. Hatari ya kweli ni kadi ya benki inayokwisha muda bila mtu kujua. Amazon wakishaifunga akaunti, hukaa siku 90, kisha kila kilichomo kinaondoka. Kwa hiyo nakala ya pili kwenye diski ngumu, ikiwa imefungwa kwa nywila na kuwekwa nje ya ofisi, bado ni lazima.

Na kuna pendekezo moja ninalolipenda kuliko yote. Kila faili lina alama yake ya hesabu, mfululizo wa tarakimu na herufi unaobadilika likiguswa hata nukta moja. Mwisho wa mkutano na kampuni au na wakuu wa sekta, hesabuni alama za picha na rekodi za siku hiyo, zichapeni kwenye ukurasa wa mwisho wa PV, na pande zote zisaini ukurasa huo. Baada ya hapo, akitokea wa kusema kwamba picha imechezewa, hesabu itafanywa upya mbele yake.

Naziomba kamati zilizomo humu, kabla ya kuagana jioni hii, ziteue kila moja watu wake wawili wa kufuta, na majina yao yaandikwe kwenye PV ya semina hii.