Maneno kwa Ndugu wa Pinga: Mgombea na Neno Lake

Ndugu zetu wachimbaji, na ninyi wa sokoni na wa mitaani, tumewaita kwa jambo moja. Mgombea akitaka kura, ashike neno lake, ama alilainishe ili apendwe na pande zote?

Tukumbuke mambo ya 1960. Hapa Kivu, CEREA ya Anicet Kashamura ilidai uhuru bila kuchelewa. Kulikuwa pia na PNP, chama cha upole kilichopendwa na wakubwa wa Kibelgiji. Watu wakakidhihaki kwamba ni chama cha weusi wa kulipwa. Kura za Mei zilipohesabiwa, CEREA ilipata viti 10 na MNC ya Lumumba viti 33. Upole haukuwapa PNP ushindi.

Lakini tuangalie vizuri. Viti vyote vilikuwa 137, na kwa viti 33 mtu hatawali. Lumumba akawaingiza serikalini hata walioshindana naye. Watu wake wakampa Kasa-Vubu kura za urais, ingawa Kasa-Vubu alitaka majimbo yenye nguvu, naye Lumumba alitaka Kongo moja. Aligawa vyeo, umoja wa nchi hakuugawa.

Wako watakaosema: na mwisho wake? Kweli, hatufichi. Septemba Kasa-Vubu alimfukuza, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga. Kushika neno kuna gharama. Ndiyo maana wengi hulitupa mapema, mlango ukiwa bado wazi.

Ndugu, kuinama ili upite mlangoni si kuuza nyumba. Mgombea anayetafuta wenzake wa kumsaidia tusimwite msaliti. Msaliti ni yule anayekuja shimoni na kutuahidi bei ya juu, kisha jioni anamwahidi mnunuzi bei ya chini.

Kura yetu ni kitu adimu. Desemba 2023 nchi ilipochagua, ndugu zetu wa Masisi hawakupiga kura kwa sababu ya vita. Basi siku mgombea akija, tusimpigie makofi kwanza. Tumwulize mbele ya watu wote: utaachia nini ili upate wenzako? Na ni kitu gani hutakiachia hata ukishindwa?

Asiye na jibu la swali la pili, tumshukuru kwa safari, arudi kwake.