Serikali Iingie Uwanjani

Oktoba 2025 Mkenya Ruth Chepngetich, mwenye rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanawake, alifungiwa miaka 3 kwa kutumia dawa iliyopigwa marufuku michezoni. Kabla yake walifungiwa Wakenya wenzake Rita Jeptoo na Asbel Kiprop, wote kwa EPO, dawa ambayo hospitalini huwaongezea damu wagonjwa wa figo.

Je, mambo haya yaachiwe vyama vya riadha? Hapana.

Kipimo cha mkojo humnasa mkimbiaji peke yake. Anayemuuzia dawa, anayemchoma sindano na wakala anayegawana naye zawadi hubaki salama, na kuwafikia hao kunahitaji polisi, mahakama na wakaguzi wa dawa. Kenya ilitunga sheria yake dhidi ya dawa hizo mwaka 2016, tena baada ya kubanwa na dunia.

Tanzania isisubiri kubanwa. Septemba 2025 Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni mjini Tokyo, na fedha zikinukia, walaghai hufuata; Chunya, wilaya ya wachimba dhahabu mkoani Mbeya, inalijua hilo vizuri. Vijana wanaokimbia kwenye milima ya Mbeya wanastahili kulindwa mapema: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ikague maduka ya dawa, na Baraza la Michezo la Taifa liwafikie makocha wao huko huko wilayani.