Siku Zinapochelewa

(Mazungumzo ya kamati ya afya, sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi)



Tumepewa robo saa, nasi tumechagua jambo ambalo huulizwa sanduku likishafungwa, tena kwa kunong'ona: "Mwezi huu sijaziona siku zangu, ninywe nini?" Leo tulijibu kwa sauti. Akina baba mliokuja kutuunga mkono msitoke, linawahusu pia.

Majibu tunayopeana tunayajua. Tangawizi ya kuchemsha, mdalasini, chai ya rangi iliyokolea, mwarobaini, shubiri, papai bichi. Hatukuja kuwadharau bibi zetu. Tangawizi hupunguza maumivu ya tumbo la hedhi, na chupa ya maji moto iliyofungwa kanga husaidia vilevile. Lakini kutuliza maumivu si kuleta hedhi, na hakuna chai ya jikoni iliyothibitishwa kuileta. Mtu anakunywa siku tatu, hedhi inakuja, sifa zinakwenda kwa tangawizi. Kumbe ilikuwa njiani inakuja!

Hedhi si saa ya ukutani. Hesabu tangu siku ya kwanza ya kuona damu hadi siku ya kwanza ya mwezi unaofuata. Kwa mtu mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida. Binti aliyevunja ungo juzijuzi huruka miezi, na mama aliyefika miaka 45 na kuendelea naye huanza kuruka. Anayenyonyesha huweza kukaa muda mrefu bila kuona kitu, na bado akashika mimba. Njaa, kukonda ghafla, msiba na mawazo huchelewesha. Magonjwa ya tezi la shingo na ya ovari pia. Sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango huvuruga siku au kuzikata kabisa. Eti damu inajikusanya tumboni na kuoza? Hapana jamani. Haikutengenezwa, haipo.

Kalamu ya kuandikia akiba tunayo kila wiki. Basi weka alama ya siku zako ukurasa wa mwisho wa daftari lako. Mganga akikuuliza, utakuwa na jibu.

Sasa la kwanza kabisa, kabla ya sufuria kuwekwa jikoni: je, si mimba? Kipimo cha mkojo kinauzwa duka la dawa. Tumia mkojo wa asubuhi. Kikisema hakuna na siku bado hazijaja, rudia baada ya wiki moja. Shubiri na mizizi usiyoijua si vitu vya kujaribia tumbo usilojua lina nini. Na wale waliokuwa wakimeza klorokwini kwa wingi, au kunywa sabuni ya unga, walikunywa sumu. Klorokwini nyingi husimamisha moyo. Mabinti zetu waambiwe hivyo nyumbani, wasije wakayasikia ya kwenye vichochoro.

Katika mwaka wetu wa nne, mwenzetu mmoja alipitiliza wiki tatu. Akanunua sokoni chupa ya "kusafisha kizazi". Siku ya kikao akashikwa na maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, na bega likamuuma. Wenye funguo wawili walikuwepo, wa tatu alikuwa shamba. Tulipoteza karibu saa nzima tukimtafuta, ndipo tukakodi gari. Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija, nje ya mfuko wa uzazi, na mrija umepasuka. Alipasuliwa usiku uleule. Yuko pale na wapishi, na ametupa ruhusa tuseme.

Kwa hiyo siku zikipitiliza na kukawa na maumivu ya namna hiyo, ni hospitali palepale. Anayelowesha kitambaa kila saa, vivyo hivyo. Aliyekoma hedhi mwaka mzima kisha akaona damu, hata tone, naye akapimwe. Inaweza kuwa saratani. Aliyekosa miezi mitatu, wala si mjamzito wala hanyonyeshi wala hatumii sindano, aende kituo cha afya.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mkutano mkuu ubadilishe kipengele cha mfuko wa jamii: kwa dharura ya uzazi, wenye funguo wawili watoshe, na kufuli la tatu livunjwe. Kufuli jipya kamati ya afya tutalinunua sisi.