Kopo lisilo na lebo: mazungumzo na akina mama wa Thika na Ruiru kuhusu ngozi, nywele na mavazi

Haya ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya vikundi vya akina mama, karibu na mto Chania. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Asanteni kwa chai. Najua wengine wenu mmefunga vibanda Jamhuri na Makongeni ili mje hapa, na saa moja ya soko asubuhi ni pesa, kwa hiyo sitazunguka.

Kwenye mwaliko mliandika kwamba mnataka mafunzo ya urembo. Mwenyekiti aliponipigia simu nilimwambia mimi si mtaalamu wa urembo. Kazi yangu ni kuandika taarifa za kaunti. Akanijibu, "Wewe njoo tu, uwaambie ile habari ya uso wako uliyonisimulia kwenye matatu." Basi nimekuja nayo. Nimemwomba pia mwenzangu wa afya ya umma aketi pale nyuma na meza tupu. Mliombwa kuja na makopo ya mafuta na krimu mnazotumia nyumbani. Tutafika huko.

Nilipomaliza shahada ya uandishi wa habari nilitaka kusoma taarifa kwenye televisheni. Nikaenda majaribio mahali fulani, nikasoma vizuri, na mtu mmoja akaniambia kwa upole, kama anayenisaidia, kwamba sura yangu "haishiki taa". Sikukasirika. Hasira ilikuja miaka baadaye. Siku hiyo nilitoka pale moja kwa moja hadi dukani. Muuzaji hakuniuliza maswali mengi. Alichota krimu kwenye mkebe mkubwa, akaijaza kwenye kikopo cheupe kisicho na jina wala tarehe, akaniambia nipake usiku na nisikae juani.

Wiki ya tatu watu walianza kunisifu. Lazima niliseme hilo, kwa sababu ndilo linalotunasa. Tukiwaambia wasichana wetu kwamba krimu hizi hazifanyi kazi, watatuona waongo, maana wanajionea kwa macho yao. Zinafanya kazi. Ubaya wake unakuja nyuma ya sifa. Mwezi wa nne uso wangu ulikuwa unawaka kila nikipita juani. Mishipa midogo myekundu ilionekana mashavuni, na chunusi zikanijaa, mimi ambaye hata shuleni sikuwa nazo. Nikiacha kupaka, uso unavimba na kuwasha, nikirudia, unatulia. Nilizunguka hivyo karibu mwaka mzima, huku mshahara wa kwanza niliopata ukiishia kwenye vikopo.

Daktari niliyemwona baadaye alisema dalili zile ni za steroidi kali. Dawa hizo si sumu zikitumiwa inavyofaa. Klobetasoli na betamethasoni hutolewa hospitalini kwa magonjwa ya ngozi, kwa siku zilizohesabiwa na sehemu iliyoonyeshwa. Mtu akizipaka uso mzima kila usiku kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, mwili unachorwa michirizi isiyofutika, na dawa ikiingia kwenye damu kwa wingi inaweza kupandisha sukari na presha. Kidonda kidogo nacho kinachelewa kupona.

Kitu cha pili kinachopatikana kwenye krimu hizi ni haidrokwinoni. Hii huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ikitumiwa kwa muda mrefu kwenye jua letu inaweza kugeuka kinyume kabisa: mashavu na sehemu za karibu na macho zinapata madoa ya rangi ya majivu au ya bluu iliyoiva, na madoa hayo ni magumu mno kuondoa. Mnawajua akina mama wenye madoa hayo. Watu huwacheka kwamba "krimu imewakataa". Naomba tuache mzaha huo. Yule mama ameumizwa na bidhaa aliyouziwa mchana kweupe.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi, nalo ni zebaki. Ile ile mliyokuwa mkiiona kwenye kipimajoto cha zamani. Chumvi zake zikitiwa kwenye krimu au sabuni hung'arisha ngozi haraka, halafu huingia mwilini na kuumiza figo. Dalili zake hazifanani na ugonjwa wa ngozi, ndiyo maana wengi hawaunganishi mambo: miguu kuvimba, mkojo kuwa na povu, mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kusahau. Mtu anatibiwa presha mwaka mzima na hakuna anayemuuliza anapaka nini.

Zebaki haibaki kwa aliyepaka. Inashika taulo, inashika mto, inatoa mvuke chumbani. Mwaka 2010, huko Marekani, wachunguzi wa afya wa majimbo ya California na Virginia walipima familia zilizokuwa na krimu kama hizo nyumbani, wakaikuta zebaki hata kwa watu wa nyumba hiyo ambao hawakuwa wakipaka. Fikirini nyumba zetu za chumba kimoja. Fikirini mtoto anayelala na uso wake shavuni mwa mama. Wajawazito na wanaonyonyesha, kwenu nyinyi sina cha kupunguza: hapana, hata kidogo, hata ile ya harusi ya wiki mbili.

Mtaniuliza, kama ni mbaya hivyo, mbona inauzwa? Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu mwaka 1998. Wengine mlioketi hapa mlikuwa hamjazaliwa. Rwanda ilianza msako mkali wa krimu hizi mwishoni mwa mwaka 2018. Na nchi zilizo kwenye mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2023, mjini Geneva, kwamba kufikia mwaka 2025 kusiwe tena na kipodozi chenye zebaki, hata kiasi kidogo. Sheria ipo, lakini kikopo kinaingia mfukoni, mkebe unafichwa chini ya meza, na sisi wanunuzi tunanong'ona, "Niongezee ile kali." Sitawadanganya kwamba maafisa wetu wanaweza kupekua kila kibanda kuanzia Ruiru hadi Kiganjo. Macho ya kwanza ni yenu.

Kwa hiyo tusome lebo. Zimeandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi za kusumbua macho, kwa hiyo mpige picha kwa simu kisha muikuze. Maneno ya kukimbia ni haya: mercury, calomel, mercurous chloride, mercuric iodide, hydroquinone, clobetasol, betamethasone. Kama karatasi ya ndani inaonya krimu isiguse dhahabu au fedha, iwekeni chini mara moja. Zebaki hushikana na madini hayo, na aliyeandika onyo hilo anajua alichotia ndani. Kisha tazameni alama ya ubora ya KEBS. Chini yake kuna namba ya kibali. Tumeni ujumbe mfupi kwenda 20023, mkianza na SM# halafu namba hiyo, na mtajibiwa kibali hicho ni cha nani na cha bidhaa gani. Jibu likisema ni ya unga wa ngano na nyinyi mmeshika losheni, mmeshapata habari. Kikopo kilichochotwa kwenye mkebe hakina cha kusomwa, na hilo peke yake ni jibu.

Aliyekwisha kupaka kwa muda mrefu asitupe kopo leo usiku na kujifungia ndani. Ukikata steroidi ghafla, uso unaweza kuwaka vibaya zaidi ya mwanzo, na hapo ndipo wengi hurudi kwa muuzaji. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, beba kopo lenyewe, umwambie mhudumu bila aibu umepaka nini na kwa miezi mingapi. Ukishuku zebaki, acha mara moja, usimpake wala kumkumbatia mtoto kabla ya kunawa, na uombe kupimwa figo. Usilichome kopo jikoni, maana mvuke wake ni sumu. Usilitupe chooni wala mtoni pia. Maji ya Chania ndiyo tunayokunywa hapa Thika. Lifunge kwenye mfuko na umpe afisa wa afya ya umma.

Sasa ile taa iliyonikataa. Miaka baadaye, nikiwa tayari kazini huku, nilisoma historia ya filamu za picha za rangi. Kampuni ya Kodak kwa miaka mingi ilikuwa ikisawazisha rangi za picha kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu. Mafundi waliiita kadi ya Shirley. Kilichopimwa ni ngozi yake. Watu weusi walitoka kwenye picha wakiwa meno na macho tu. Na inasemekana waliosaidia jambo hilo libadilike ni watengenezaji wa fanicha na wa chokoleti, waliolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazionekani vizuri. Wateja wa mbao walisikilizwa! Hapo ndipo hasira yangu ilipofika. Niliharibu uso kwa sababu ya kasoro ya mitambo.

Leo kazi yangu ni kupiga picha za watu wa kaunti hii, na nawaambia mnavyotoka vizuri. Simama ukitazama dirisha au mlango ulio wazi, taa ya juu ya kichwa ikiwa imezimwa. Shati jeupe pepe huidanganya simu, inapunguza mwanga na uso unaingia giza; vaa rangi ya machungwa, kijani kibichi au damu ya mzee. Gusa uso wako kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga. Na paka mafuta kidogo kwanza, kwa sababu ngozi nyeusi iliyopauka ndiyo inayotoka kijivu.

Kuhusu mafuta, bei si hoja. Miezi ya baridi, ile gathano yetu, oga kwa maji ya uvuguvugu badala ya yale ya kuchemka, na upake mafuta au gilisarini iliyochanganywa na maji kabla ngozi haijakauka kabisa. Vaselini ya kawaida inatosha miguuni na kwenye visigino. Juani, wenye kazi ya soko, mwavuli na kofia pana vinazuia madoa kuliko krimu yoyote ya "kuondoa madoa". Ukiweza, tumia krimu ya kukinga jua ya namba 30 kwenda juu. Kwa wenzetu wenye ualbino hiyo ni dawa ya kila siku, haingoji harusi.

Nywele. Msusi akikusuka mpaka unashindwa kufumba macho, hiyo si kazi safi, hiyo ni kung'oa. Vipele kwenye kingo za paji na maumivu ya kichwa usiku ule ni ishara ya kufumua, panadol haitoshi. Nywele za kingo zikivutwa miaka mingi mizizi hufa, na hazirudi. Wasichana wadogo ndio ninaowaonea huruma zaidi, kwa sababu wao hawana sauti kwenye kiti cha saluni. Mwambie msusi alegeze mbele. Msusi mzuri hatakasirika.

Kuhusu kuweka dawa ya kulainisha nywele, mlisikia redioni kuhusu saratani. Utafiti uliotangazwa Marekani mwezi wa Oktoba 2022 ulifuatilia zaidi ya wanawake 33,000. Kwa wasiotumia dawa hizo, walikadiria kwamba asilimia 1.64 wangepata saratani ya nyumba ya uzazi kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Ugonjwa wenyewe bado ni wa wachache, na utafiti ule hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo. Mimi niliacha. Kama huachi, punguza idadi ya mara kwa mwaka, na usiweke dawa juu ya kichwa chenye mikwaruzo. Na ile piko nyeusi ya harusi iliyochanganywa na rangi ya nywele inaunguza baadhi ya watu mpaka kubaki na makovu. Hina yenyewe ni ya rangi ya udongo mwekundu. Ikiwa nyeusi ti, uliza kuna nini ndani.

Mavazi sitakaa sana, kwa sababu nyinyi mnaouza mitumba mnanishinda. Nitasema moja tu kwa anayeenda kutafuta kazi: bora nguo moja ya kamera, iliyopelekwa kwa fundi ikabanwa mabega na kukatwa urefu, kuliko nne zinazoning'inia. Ifue kabla ya kuivaa. Na udongo wetu mwekundu ukinyesha hauna adabu, kwa hiyo vaa malapa mpaka stejini na viatu vya ofisi uvibebe kwenye mfuko.

Mwaka jana niliulizwa na binti wa dada yangu, ana miaka kumi na sita, kwa nini kwenye picha zangu za zamani nilikuwa mweupe. Nilimwonyesha picha ya mwezi wa tisa, ile ya uso uliovimba, ambayo hata mume wangu hakuwa ameiona. Akaenda chumbani, akarudi na kikopo cheupe kisicho na lebo. Alikuwa amekipata kwa rafiki yake wa shule.

Kikopo hicho ninacho hapa, na nitakuwa wa kwanza kukiweka mezani. Mwenzangu amevaa glavu na ana mifuko. Haandiki jina la mtu, na hakuna atakayeulizwa alinunua wapi asipotaka kusema. Ambaye lebo yake inasomeka, tutaisoma naye pamoja na kutuma namba 20023. Tuanze na safu ya nyuma, wale mlio karibu na mlango, mje na makopo yenu.