Mwanafunzi Akirudi, Tumuulize Nini?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa migodi na watu wa mji, Uvira



Tuliombwa tuseme neno juu ya vijana wanaokwenda kusoma na kutembea nchi za mbali wakati wa vakansi kubwa. Tumekubali, maana jambo hili si la mtoto na baba yake tu. Mtoto mmoja akipata barua ya kumwita Ulaya kwa masomo ya miezi miwili, ukoo mzima unahangaika. Mjomba anauza mbuzi, shangazi anatoa akiba ya mawese, na watu wa shimo wanachanga siku ya malipo. Basi safari ile ni mali ya watu wengi, na mali ya watu wengi lazima iwe na hesabu.

Sisi ni makarani wa mgodi. Kazi yetu ni buku. Buku lina pande mbili: kilichoingia na kilichotoka. Mtu akisema dhahabu ni nyingi, sisi tunauliza: imeandikwa wapi? Leo tufungue buku la safari za watu wetu, tuone nani alilipa, nani alifaidika, na ni kitu gani kilirudi nyumbani.

Ukurasa wa kwanza ni wa huzuni. Ulaya huita mwezi wa sita, wa saba na wa nane majira ya joto. Ni miezi ile ile ya kiangazi kwetu, wakati vumbi linapanda barabarani. Lakini joto lao si joto letu. Mwaka 1897, katika majira hayo, watu 267 wa Kongo walipelekwa Tervuren, karibu na Bruxelles, kwa ajili ya maonyesho ya mfalme Léopold II. Hawakupelekwa kusoma. Walijengewa vijiji vya majani kando ya maji, na watu zaidi ya milioni moja walikuja kuyaona maonyesho hayo. Mvua ikanyesha, baridi ikashika vifua, na watu saba wakafa: Sambo, Mpemba, Ngemba, Ekia, Nzau, Kitukwa na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren hata leo.

Hiyo ndiyo safari ya kuonyeshwa kama kitu. Upande wa kilichotoka tunaandika watu. Upande wa kilichoingia hatuna la kuandika.

Mtu atasema hayo ni mambo ya zamani sana. Je, mwaka 1958 ni zamani sana? Wako wazee wetu waliokuwa wameoa mwaka ule. Bruxelles ilifanya maonyesho ya dunia, toka mwezi wa nne mpaka wa kumi. Tena kikajengwa kijiji cha Wakongo, tena watu wakakaa nyuma ya uzio wakifanya kazi za mikono mbele ya watazamaji. Wengine waliwatupia ndizi. Mwezi wa saba watu wale wakachoka na matusi, wakarudi kwao.

Lakini mwaka uleule kulikuwa na jambo jingine. Wakongo wengine, mamia, waliitwa Ubelgiji: makarani, walimu, waandishi wa magazeti, askari. Katika koloni mtu wa Léopoldville hakumjua mtu wa Élisabethville, wala mtu wa Bukavu. Kila mmoja alihitaji karatasi ili atoke jimbo lake. Kule Bruxelles walikaa pamoja, wakala pamoja, wakaulizana habari. Wakaona Mzungu anafagia barabara. Wakaona Mzungu anabeba mizigo. Wakaingia katika kahawa na kuletewa kinywaji bila kufukuzwa. Kisha wakajiuliza: kama huku tunaweza kuketi meza moja, kwa nini kwetu haiwezekani? Swali lile halikulipiwa ushuru bandarini. Lilirudi nao Kongo. Mwezi wa kumi wa mwaka ule ule chama cha MNC kikazaliwa, na tarehe 30 Juni 1960 nchi ikapata uhuru.

Ndugu, hatusemi kwamba uhuru uliletwa na maonyesho. Uhuru uliletwa na watu waliosumbuka hapa hapa. Tunasema tu kwamba mwenye kualika ana hesabu yake, na mwenye kualikwa anaweza kuwa na hesabu yake pia.

Tazameni Patrice Lumumba. Alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Mwaka 1956 serikali ya koloni ilimchukua pamoja na wenzake kutembea Ubelgiji, waone mambo mazuri tu. Hiyo ndiyo safari ya kuonyeshwa vitu. Wenye kualika walitaka arudi na shukrani. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1958 alifanya safari nyingine, Accra, katika mkutano wa watu wa Afrika yote. Huko hakuonyeshwa, alikwenda kutafuta. Aliporudi hakukaa nyumbani kuhesabu zawadi. Tarehe 28 Desemba 1958 alisimama mbele ya watu wa Léopoldville akawaambia yote aliyoyasikia. Huyo alijua kutoa hesabu ya safari.

Na mwenye kujifunza hangoji kupanda meli. Karibu na ziwa letu hili, upande wa kusini, alizaliwa Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza katika koloni lile. Alifika Ulaya mwaka 1920. Lakini maandiko yake juu ya mawazo ya watu wetu yalikuwa yamechapwa kule miaka 10 mbele yake. Kalamu yake ilitangulia miguu yake. Vijana, shikeni hilo. Anayekwenda bila kuwa na neno la kusema juu ya kwao atakuwa mtazamaji tu.

Sasa tuangalie ng'ambo. Usiku tukisimama ufukweni hapa Uvira tunaona taa za Bujumbura. Kule alikuwako mwana wa mfalme, Louis Rwagasore. Alisoma Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1950. Angeweza kurudi na kukaa katika kiti cha baba yake akila vya bure. Lakini mwaka 1957 alisaidia wafanyabiashara Waafrika kuanzisha ushirika, wanunue pamoja na kuuza pamoja, wasinyonywe. Waswahili wa mitaa ya Bujumbura walikuwa marafiki zake. Mwezi wa tisa wa mwaka 1961 chama chake kilishinda uchaguzi, na tarehe 13 Oktoba akauawa kwa risasi. Alikuwa na miaka 29. Kilichorudi naye kutoka Ulaya hakikuwa koti. Kilikuwa kazi kwa ajili ya wenzake.

Na Kenya? Mwaka 1959 Tom Mboya alipeleka vijana 81 Marekani kwa ndege moja. Wazazi waliuza mifugo, vijiji vilichanga, na Wamarekani weusi wenye sifa, kama Jackie Robinson na Harry Belafonte, waliomba watu fedha kwa ajili yao. Mwaka uliofuata akaenda msichana mmoja, Wangari Maathai, kusoma elimu ya viumbe kule Kansas. Alirudi mwaka 1966. Mwaka 1977 akaanza kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, na mwaka 2004 akapewa tuzo ya Nobel ya Amani. Wazazi wanaosema masomo ya mbali ni ya wavulana tu, waandike jina hilo katika buku lao.

Tena miti si jambo dogo kwetu. Mwezi wa nne wa mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika hapa mjini, ukabeba nyumba na kuua makumi ya watu. Milima ya juu yetu haina miti ya kutosha kuzuia maji. Kijana akienda nchi ambako mito imejengewa kingo na milima imevikwa miti, atapiga picha ya daraja peke yake, au atauliza: mlianzaje, nani alilipa, nani anatunza?

Kwa hiyo, ndugu, tunaleta shauri letu. Kijana anayeondoka kwa mchango wa watu apewe daftari, na ndani yake tumwandikie maswali yetu.

Swali la kwanza ni la kazi. Wafanyakazi wa kule wanalindwaje? Akifika Ubelgiji aende Marcinelle, karibu na Charleroi. Kuna shimo la makaa linaloitwa Bois du Cazier. Tarehe 8 Agosti 1956, katika majira yale ya joto, behewa moja lilikaa vibaya katika lifti ya shimo, likakata nyaya za umeme na bomba la mafuta. Moto ukawaka chini. Watu 262 wakafa, na 136 kati yao walikuwa Waitalia, watu maskini waliokuja kuchimba kwa mapatano ya serikali mbili. Ninyi mnaoshuka shimoni mnaelewa neno hili kuliko sisi wa kalamu. Mzungu naye alikufa chini ya ardhi, na mjane wake alisimama mlangoni akilia kama mama zetu wanavyosimama kule Kamituga shimo linapoanguka. Kijana aulize: baada ya msiba ule sheria gani zilibadilika, na wafanyakazi walifanya nini ili zibadilike?

Swali la pili ni la maisha. Asituletee habari za maduka tu. Atuambie mtu wa chini anakula nini, analipa nyumba kiasi gani, mzee asiye na mtoto anatunzwa na nani. Maana kule pia kuna maskini, na asiyewaona hakutembea, alipitishwa tu.

Swali la tatu ni la ziwa. Sisi tuna ziwa la pili duniani kwa kina, mita 1470. Tunakula ndagala na mikeke yake kila siku, lakini vijana wangapi wanajua samaki hawa wanazaa wapi na kwa nini wanapungua? Hapa Uvira tuna kituo cha uchunguzi wa maji na samaki. Anayesomea maji ng'ambo arudi agonge mlango wa pale. Baba zetu waliosoma misioni walikariri mito ya Meuse na Escaut kabla ya Ruzizi. Tusirudie.

Swali la nne ni la wafu wetu. Aende Tervuren, asimame mbele ya yale makaburi saba, ayataje majina yao. Tusidhani wafu hawarudi. Mwezi wa sita wa mwaka 2022 Ubelgiji iliirudishia familia ya Lumumba jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, na tarehe 30 likazikwa Kinshasa. Miaka 61 ilipita toka auawe. Deni linalotajwa halifi.

Hayo ni ya kijana. Sasa tuseme ya kwetu tunaobaki, maana hesabu ina pande mbili.

Mara nyingi kijana akishuka kwenye gari tunamtazama miguu kwanza, viatu gani amevaa. Kisha tunatazama mzigo. Siku tatu nyumba inajaa watu wanaodai zawadi. Siku ya nne hakuna anayemuuliza alijifunza nini. Je, ni ajabu kama anapotea? Tumemfundisha sisi wenyewe kwamba safari ni shati. Anayerudi na simu mpya tunamwita shujaa, na anayerudi na daftari limejaa tunasema hakufanikiwa.

Kuna na neno zito zaidi. Ruhusa ya kutembea Ulaya ya Schengen ni siku 90 tu. Siku ya 91 kijana aweza kubaki kwa kujificha. Hatumlaani mtu, tunajua hofu na njaa zinazomsukuma. Lakini waliochanga wajue: mmoja akipotea, mlango wa wengine kumi unazidi kuwa mwembamba, maana mwaka unaofuata yule wa ofisini atauliza, wa mwaka jana yuko wapi? Na shimoni watu watasema hawachangi tena. Basi kijana anayeondoka akumbuke kwamba amebeba tiketi ya mdogo wake mfukoni.

Mnajua kazi ya karai. Udongo ni mwingi, maji yanazunguka, mkono unachoka, na mwisho mnaona chembe. Anayetupa karai kwa sababu ya matope hapati kitu, na anayebeba matope yote nyumbani akidhani ni dhahabu ni mjinga. Kijana wetu kule ng'ambo ashike karai. Mengine ya Ulaya ni matope: dharau kwa wazee, kila mtu na mlango wake. Mengine ni dhahabu: kushika saa, kuandika hesabu, kumwambia mkubwa kwamba amekosea bila kupigwa. Achague.

Na wote wanaochagua mashati kuliko maneno, tuwafundishe upya kwa desturi moja. Kila mwanafunzi aliyesafiri kwa mchango wa watu, kabla ya mwezi mmoja kwisha tangu arudi, aketi mbele ya waliochanga. Si mbele ya wakubwa peke yao. Awepo mchimbaji, awepo mama anayetwanga mawe, awepo muuza ndagala. Asome daftari lake kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha kuwafunga watu midomo. Aulizwe, ajibu. Kisha karani mmoja aandike maneno yake, yahifadhiwe, ili atakayeondoka mwaka ujao asianze na ukurasa mtupu.

Hilo halihitaji fedha ya serikali wala ruhusa ya mtu. Linahitaji benchi, taa na saa mbili za jioni. Sisi makarani tunaahidi kalamu na karatasi. Ninyi leteni masikio na maswali.