Barafu ya Mwezini na Hoja ya Kwenda Nayo Mezani



Tarehe 9 Oktoba 2009, NASA, shirika la anga la Marekani, liliangusha kwa makusudi sehemu ya roketi iliyokwisha kazi ndani ya kasoko ya Cabeus, karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, mahali ambapo jua halifiki kamwe. Chombo cha LCROSS kilichokuwa kikifuata nyuma kilipita katika vumbi lililotimka, kikapima, kikakuta maji. Makadirio yalikuwa takriban asilimia 5 ya uzito wa udongo ule. Naanzia hapo kwa sababu bila maji hayo mazungumzo ya kuishi Mwezini yangebaki kuwa ndoto.

Mwezi uko umbali wa kilomita 384,400, na kila kilo inayopelekwa huko hugharimu fedha nyingi mno. Maji yakipatikana hukohuko, watu watakunywa. Yakitenganishwa kwa umeme, yatatoa oksijeni ya kuvuta na haidrojeni, na gesi hizo mbili zikiunguzwa pamoja huendesha roketi. Mwenye barafu, basi, ana kisima, hewa na kituo cha mafuta kwa mpigo mmoja.

Tusidhani kuwa makazi hayo yatakuwa rahisi. Usiku wa Mwezini huchukua takriban siku 14 za huku kwetu. Mwezi Januari 2019, mbegu ya pamba iliyopelekwa na China katika chombo cha Chang'e 4 ilichipua. Usiku ulipoingia, mche ukafa kwa baridi. Vumbi la huko halijapata kusuguliwa na upepo wala maji, hivyo chembe zake zina makali kama vigae vya chupa. Harrison Schmitt, mwanajiolojia wa Apollo 17 mwaka 1972, alilivuta ndani ya chombo akapata mafua. Tena hakuna hewa ya kuzuia mionzi, kwa hiyo watakaokaa muda mrefu huenda wakalazimika kujifukia chini ya udongo au kuingia katika mapango yaliyoachwa na mikondo ya lava.

Jambo ninaloomba tulitazame kwa makini ni la kijiografia. Mwezi una eneo linaloizidi Afrika nzima, lakini sehemu zinazotakiwa ni chache. Karibu na ncha ya kusini jua huzunguka likiambaa upeo wa macho, hivyo baadhi ya kingo za kasoko ya Shackleton hupata mwanga sehemu kubwa ya mwaka, ilhali kitako chake ni giza la daima. Juu kuna umeme wa jua, chini kunatarajiwa barafu. Shackleton yenyewe ina kipenyo cha kilomita 21 tu. Marekani na washirika wake wanalenga ukanda huohuo wa kusini. China na Urusi nazo zinapanga kituo chao hukohuko.

Sheria inasemaje? Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kuumiliki Mwezi. Haukutamka wazi hali ya barafu ikishachimbwa. Makubaliano ya mwaka 1979 yaliutangaza Mwezi na rasilimali zake kuwa urithi wa pamoja wa wanadamu, lakini Marekani, Urusi na China hazikujiunga, na kwa Afrika ni Moroko pekee iliyoridhia. Pengo hilo likaanza kuzibwa na sheria za ndani: Marekani mwaka 2015, Luxembourg mwaka 2017, kisha nyingine. Makubaliano ya Artemis ya mwaka 2020, yaliyoasisiwa na Marekani na washirika wake, ambayo Rwanda ilitia saini Desemba 2022, yanaruhusu uchimbaji na kuweka maeneo ya usalama kuzunguka shughuli za kila mmoja. Sipingi usalama. Lakini penye shimo la kilomita 21, eneo la usalama lisilo na kikomo cha ukubwa wala muda litageuka uzio, na aliyefika kwanza atakuwa mwenye shamba.

Sisi tumewahi kupita njia hii. Desemba 1976, Kenya, Uganda, Zaire na nchi nyingine za ikweta zilikutana Bogotá zikadai kuwa mzingo wa setilaiti ulio takriban kilomita 36,000 juu ya ardhi zao ni mali yao. Kisheria dai hilo halikusimama, nami naamini lilistahili kushindwa, maana lilitaka umiliki. Woga uliolizaa, hata hivyo, ulikuwa wa haki: nafasi ni chache, na wenye uwezo wangezimaliza kabla wengine hawajafika. Nchi zinazoendelea zilipogeuza madai ya umiliki kuwa madai ya fursa, zilisikilizwa. Mwaka 1982, hapa Afrika Mashariki, mkutano wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano uliofanyika Nairobi uliingiza mahitaji yao katika kanuni za matumizi ya mzingo huo. Kufikia mwaka 1988 kila nchi ilikuwa imehakikishiwa angalau nafasi moja, hata isiyo na setilaiti.

Hiyo ndiyo hoja ya kwenda nayo mezani. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Anga za Juu, ambayo Kenya ni mwanachama wake, ina kikosi kazi kinachojadili kanuni za rasilimali za anga. Naiomba semina hii ipendekeze kwa serikali zetu zidai mambo yanayopimika: kikomo cha ukubwa na muda wa maeneo ya usalama, takwimu za barafu ziwe wazi kwa wote, na sehemu ya maeneo ya ncha ya kusini itengwe kwa ajili ya watakaochelewa kufika. Wajumbe wetu waende na wanasheria na wanajiolojia, na waende sasa, kabla kijiko cha kwanza cha barafu hakijachotwa.